Mjomba, Chevelle mbili zinafanana kila kitu, mbona moja bei mara mbili?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni Mbongo niko Ohio huku Marekani, naendesha semi trela za mizigo, nina mke na watoto wawili, pombe sinywi, mpira wa kubeti sijui, ila nina ugonjwa mmoja tu nao ni haya magari ya misuli ya Kimarekani ya zamani, yale ya V8 ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, na kati ya yote roho yangu iko kwenye Chevrolet Chevelle ya 1970. Nimejinyima nimetunza hela, sasa nataka nisiishie kuangalia picha kwenye simu.

Nimepata moja hapa hapa jimboni. Nyekundu, michirizi miwili myeusi ya kushuka na boneti, beji za SS 454 (yaani Super Sport yenye injini ya inchi za ujazo 454) mbele na nyuma, na jamaa anayeuza anasema ni LS6, yaani ile injini ya juu kabisa. Kwenye kopo la ea klina kuna stika imeandikwa 450 HP. Anataka dola 68,000. Rangi inang'aa mpaka unajiona uso, na alivyoiwasha nilisimama nimeshika kichwa, ule mngurumo Mjomba unauhisi kifuani.

Sasa wiki hiyo hiyo nikaona nyingine mnadani, nyekundu hivyo hivyo, michirizi hiyo hiyo, mwaka huo huo, imekwenda kwa 140,000 na ushee. Nikamuuliza jamaa imekuwaje, akacheka akasema wale wa mnadani wanalipia makaratasi, gari ni lile lile. Makaratasi ya hili la kwake anasema yalipotea wakati mwenye gari wa zamani anahama nyumba. Kadi ya gari anayo safi kabisa, namba ya chesisi nimeiona kwa macho, inaanza na 13637.

Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Dar anauza spea Kariakoo, kasikia hizi habari sasa halali. Anataka tuingie ubia nusu kwa nusu, tuchukue kwa 68 tuipeleke mnadani kwa 140, ameshapiga na mahesabu ya faida yake ameyatuma kwenye WhatsApp. Mke wangu anasema hela hiyo ni ya kiwanja Kigamboni, na anauliza kama gari ni LS6 kweli mwenyewe ameshindwa nini kuipeleka mnadani akachukua hiyo 140?

Halafu kuna cha kunichanganya zaidi. Mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa kiwandani, naye ana Chevelle ya 1970 ila ni Malibu tu ya kawaida, injini 350, kijani, gia otomatiki, lilikuwa gari la baba yake. Huyu makaratasi yote anayo kwenye bahasha tangu siku linatoka dukani. Anataka 31,000. Sasa kama watu wanalipia makaratasi, mbona huyu mwenye makaratasi yote ana bei ndogo kuliko yule asiye na hata moja?

Nisaidie kabla shemeji hajatuma hela.

Dereva wa Ohio

*

Marahaba mpwa wangu. Kwanza msalimie mkeo, maana swali alilouliza ndilo swali lenyewe, wewe na shemeji yako mmelizunguka tu.

Tuanze na hiyo 13637 kwa sababu naona imekutia moyo sana. 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu yenye V8, 37 ni bodi ya milango miwili paa gumu, tarakimu inayofuata ikiwa 0 ni mwaka 1970, halafu inakuja herufi ya kiwanda na namba ya mfululizo. Basi, imeisha. Haisemi SS, haisemi 454, na LS6 ndo kabisa. Mwaka ule SS ilikuwa kifurushi unachotiki kwenye fomu ya oda ya Malibu, kwa hiyo ile ya mnadani ya laki na arobaini na Malibu ya bibi wa kwendea kanisani zote zinaanza 13637, na hata ya mzee wako wa kijani nenda kaangalie utaikuta hivyo hivyo. Ingekuwa Chevelle ya 1966 mpaka 1968 ungeona 138 ukajua hii imezaliwa SS, lakini wewe umependa ya 1970, moja ya miaka migumu. Kwa hiyo jamaa akikwambia namba ni halali hajakudanganya, ila pia hajakwambia kitu.

Sasa LS6 ni nini mpaka watu wachanganyikiwe hivi. General Motors walikuwa na katazo lao la ndani kwamba gari la saizi ya kati lisifungwe injini kubwa kupita kiwango fulani. Mwanzoni kiwango kilikuwa inchi za ujazo 330, na ndiyo maana Pontiac GTO ya 1964 ilizaliwa kwa ujanja, John DeLorean na wenzake waliichomeka 389 kwenye Tempest wakaiita kifurushi cha nyongeza badala ya modeli mpya, wakubwa kuja kushtuka zimeshauzwa zaidi ya 32,000, nani tena atakataa hela hiyo. Baadaye kiwango kikawa 400, na kwenye modeli za 1970 wakakiondoa. Hapo ndipo Chevrolet wakaiweka 454 kwenye Chevelle, hiyo kwa hesabu zetu ni cc 7,400 hivi, na ilikuja ya aina mbili, LS5 yenye nguvu farasi 360 na LS6 yenye 450. Mwaka uliofuata GM wakashusha kompresheni kwenye injini zao zote ili zikubali mafuta yenye risasi kidogo, na LS6 ikawa imetoka kwenye Chevelle moja kwa moja. Yaani mwaka mmoja tu. Hesabu inayotajwa ni 4,475, na humo ndani wamejumlisha mpaka El Camino, yale yenye karoli nyuma kama pikapu.

Unaona kwamba hata gari likiwa SS 454 halali ya kiwandani bado hatujafika kwenye LS6. Beji ya nje ni moja, SS 454, LS5 inayo na LS6 inayo. Tofauti iko ndani, LS6 ilitoka na kabureta ya Holley juu ya manifodi ya aluminiamu na silinda hedi zenye matundu mapana ya mstatili, LS5 ikatoka na Quadrajet juu ya manifodi ya chuma na matundu yake ya duara la yai. Na vyote hivyo vinanunulika dukani leo asubuhi na kufungwa jioni.

Sasa fikiria nani alikuwa ananunua haya magari mapya. Vijana, wengine wametoka jeshini, mshahara wa kwanza, mguu mzito. Gari linashindanishwa kwenye taa za barabarani Ijumaa usiku, injini inapasuka, dila anafunga nyingine kwa waranti au kijana mwenyewe anaokota yoyote kwenye skrepa anachomeka maisha yanaendelea. Bima nazo zikapanda mpaka kijana wa miaka 22 mwenye V8 kubwa analipia bima akiwa analia, halafu Oktoba 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta, gari la kunywa hivi likawa mzigo, yakauzwa kwa bei ya kutupa. Yaliyobaki huko kwenu Ohio yakaliwa na chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Kwa hiyo kati ya hizo elfu nne na kitu, ambazo bodi na injini waliyozaliwa nayo bado viko pamoja na kuna kitu cha kuthibitisha ni chache mno, na hizo ndizo zinazokwenda laki na kuendelea. Anayelipa 140,000 halipii nguvu farasi, kwa hela hiyo fundi mzuri anakutengenezea 454 ya farasi 600 na chenji inabaki. Analipia uthibitisho kwamba mwaka 1970 mtu fulani aliingia kwa dila, akalipia injini ambayo wengi waliiona ghali na ya kichaa, kiwanda kikaifunga, na mpaka leo haijatoka humo.

Na huu mtindo ndio uko kwenye karibu yote yenye bei ya ajabu, kilichowashinda wanunuzi enzi zile ndicho kinachogombaniwa leo. Chukua Plymouth 'Cuda. Mwaka 1970 injini yake ya juu, Hemi 426, ilikuongezea karibu dola 870 juu ya gari ambalo lenyewe lilikuwa kama 3,200, robo ya gari unaongeza kwa ajili ya injini, yenye kabureta mbili, inayohitaji kutuniwa kila mara. Watu wakanyoosha mikono wakachukua injini ndogo za 383 au 340 wakaenda zao. Zikatoka Hemi 'Cuda za paa gumu 652 na za paa la kukunja 14. Mwaka 1971 za paa la kukunja zikashuka zikawa kama 11 hivi, na za gia ya mkono kwa soko la Marekani zilikuwa 2 tu. Moja kati ya hizo mbili, ya bluu, ilipigwa mnada na Mecum kule Seattle mwaka 2014 ikaenda kwa dola milioni 3.5. Barracuda ya mwaka huo huo, paa hilo hilo la kukunja, ila yenye injini ndogo ya 318, bodi ni ile ile, lakini bei wala haiikaribii.

Au Camaro ZL1 ya 1969, hiyo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Injini ya 427 yote aluminiamu, imetengenezwa kwa mashindano, wateja wa kawaida kwenye orodha hawaioni, dila lazima aombe kwa oda maalum ya ofisi kuu. Dila mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, Fred Gibb, akaomba 50. Invoisi ilipokuja ilikuwa inakimbilia zaidi ya dola 7,000 kwa gari moja, wakati Corvette mpya ilikuwa haifiki 5,000 kwa bei ya kuanzia. Nani atanunua Camaro kwa bei hiyo? Nyingi zikarudishwa zikagawiwa kwa madila wengine, na zipo zilizokaa yadi muda mrefu tu. Zilitengenezwa 69 jumla. Leo kuipata ya kununua ni kazi kwelikweli.

Kuna nyingine zipo kwa sababu ya mashindano tu. NASCAR, wale wenye mbio kubwa za magari Marekani, walisema ukitaka gari lako likimbie kwetu lazima uuze idadi fulani kwa raia, mwaka 1969 ilikuwa 500. Dodge wakatoa Charger Daytona, pua ndefu kama ya ndege na bawa refu nyuma, wakatoa 500 na chache tu juu yake wakaacha. Ford walikuwa na injini ya 429 wanayotaka iingie mashindanoni, wakaichomeka kwenye Mustang ambayo haikuwa na nafasi, ikabidi wazipeleke kwa Kar Kraft kule Brighton, Michigan, wakate wapanue huku mbele, betri wakaihamishia kwenye buti, ndiyo hiyo Boss 429, zilitoka 859 mwaka 1969. Barabarani haikuwa ya kutisha kivile, Mustang yenye 428 Cobra Jet ilikuwa inaisumbua na ilikuwa rahisi zaidi. Ila bei leo wala usilinganishe. Superbird ya Plymouth nayo mwaka 1970 iliwadodea madila mpaka wapo waliong'oa pua na bawa wakaiuza kama gari la kawaida, sasa jamaa anayeipata hiyo iliyong'olewa anatafuta pua kwa tochi.

Lakini usije ukadhani uchache peke yake unaleta hela. Buick walitoa GSX mwaka 1970, njano au nyeupe tu, jumla 678, na zenye Stage 1, injini iliyoongezewa nguvu, ndani yake 400. Ukipiga hesabu ya uchache hiyo GSX ni adimu zaidi ya LS6 mara sita na kitu, je bei inazidi mara sita? Wala. Maana waliokuwa na miaka 16 wakati ule ukutani walibandika Chevelle na 'Cuda na Mustang, Buick lilikuwa gari la baba. Hao hao vijana wakaja kuzeeka wakiwa na hela, ndio waliopandisha bei mpaka ikafika kileleni 2006 na 2007, halafu uchumi ulivyoyumba 2008 bei za haya magari zikaporomoka vibaya na zipo ambazo zilichukua miaka kurudi. Mwambie shemeji na hilo, maana naona mahesabu yake yana mshale wa kupanda tu. Hao wazee sasa wanauza, na vijana wa leo wengi wanakimbizana na Supra na Skyline za Kijapani.

Rangi, paa, gia, hivyo navyo vinaongeza au kupunguza ila sitakaa sana hapo. Gia ya mkono inaipita otomatiki mara nyingi, paa la kukunja linalipita paa gumu kwa sababu lilitengenezwa kidogo, GTO Judge ya 1969 kwa mfano za paa la kukunja zilikuwa 108 kati ya elfu sita na mia nane na kitu. Rangi za kelele za Chrysler, kampuni mama ya Plymouth na Dodge, ile zambarau ya Plum Crazy na wenzake, watu wanazilipia zaidi kuliko kahawia, sijui kwa nini kahawia inaonewa hivi lakini ndivyo ilivyo.

Turudi kwenye makaratasi, maana hapa kila kampuni ina mambo yake na hili ndilo watu wengi hawalijui. Ukitaka Pontiac kuna watu wanaitwa PHS wana kumbukumbu za kiwanda, unawatumia namba ya chesisi wanakutumia gari lilivyotoka. Ford kuna Marti Report, kuanzia magari ya 1967, namba yako tu inatosha, ukiwa na Mustang Mach 1 ya kufoji unaumbuka siku hiyo hiyo. Chrysler herufi ya tano kwenye namba ya chesisi ya 1970 ndiyo injini, R ni Hemi, V ni ile 440 ya kabureta tatu, na kuna kibati kwenye fenda chenye orodha ya ilivyoagizwa. Chevrolet sasa, Chevelle ya 1970 iliyouzwa Marekani, hakuna pa kuandika barua. Kama ingekuwa imeuzwa mpya Canada sawa, GM ya Canada walitunza kumbukumbu zao na wanatoa, ila za huku Marekani unategemea karatasi zilizobaki na gari lenyewe. Matapeli hawakuichagua Chevelle kwa bahati mbaya mpwa.

Kwa hiyo ukisikia makaratasi kwa Chevelle maana yake ni vitu hivi. Kuna shiti ya kiwandani waliyokuwa wanafanyia kazi kwenye laini, mara nyingi wafanyakazi waliiacha juu ya tanki la mafuta au kwenye springi za siti, mpaka leo watu wanashusha tanki wanaikuta imeoza nusu na bado inaokoa maelfu ya dola. Kuna stika ya dirishani ya bei, invoisi ya dila, na kuna Protect-O-Plate, kibati kidogo kwenye kitabu cha waranti kilichogongwa namba ya gari na herufi za kutambulisha aina ya injini. Jamaa yako anasema karatasi zilipotea kwenye kuhama, sawa, nyumba zinahamwa, lakini muulize, umeshawahi kushusha tanki ukaangalia? Mtu mwenye gari ambalo anaamini ni LS6 na hajawahi kushusha tanki kutafuta karatasi inayompa dola 70,000 za bure, huyo ama mvivu wa kutisha ama anajua atakachokikuta.

Halafu injini yenyewe. Upande wa abiria, mbele, pale silinda bloki inapokutana na silinda hedi kuna kipande bapa kimelainishwa, wanakiita pedi, hapo ndipo wamegonga herufi za aina ya injini na sehemu ya namba ya chesisi. Futa grisi kwa kitambaa na petroli kidogo, usisugue na msasa, piga picha kwa karibu ukiwa umemulika tochi kwa ubavu. Kwanza zile tarakimu za mwisho zifanane na za kwenye dashibodi. Pili, na hili ndilo la muhimu zaidi, angalia uso wa kile chuma, mashine ya kiwanda iliacha mistari myembamba sana inayokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Kama namba zinasomeka vizuri lakini ile mistari haipo, uso umelainika kama kioo, basi bloki imepigwa shepu na namba zimegongwa upya na mtu mwenye nyundo. Inaweza kuwa alikuwa na nia njema, injini ikifanyiwa ovahoo bloki huwa inapigwa shepu, ila sasa ushahidi umefutika na wewe hulipii LS6 kwa ushahidi uliofutika. 454 zenyewe zilitengenezwa kwa wingi, zilifungwa mpaka kwenye pikapu na nyumba za magurudumu, kupata bloki ya kugonga namba sio kazi.

Vile vitu vilivyokutia wazimu ndivyo vyepesi kuliko vyote. Stika ya 450 HP inauzwa kwenye maduka ya spea kwa hela ya chai. Michirizi ni rangi. Beji za SS zinatengenezwa mpya hadi leo, boneti yenye kile kimlango cha kufunguka ukikanyaga mafuta nayo mpya ipo. Dashibodi, SS zilikuwa na mita za duara na Malibu ya kawaida ilikuwa na spidomita ndefu ya mlalo, kwa hiyo ukikuta mlalo ujue mapema, ila ukikuta duara usishangilie, Monte Carlo ya mwaka huo ilikuwa nazo pia, mtu ananyofoa anahamisha.

Nikikaa na ulichoniandikia, mimi nasema hiyo nyekundu ni Malibu iliyovalishwa. Sio kosa kisheria kuvalisha gari, wapo maelfu wamefanya hivyo na wanasema wazi, na ni magari matamu kuendesha kwa sababu huogopi kuyachubua. Kosa ni kuiuza kwa jina la LS6. Bei ya iliyovalishwa kwa kawaida ni nusu ya ile yenye ushahidi au chini ya hapo, na ndiyo maana 68 inaonekana dili, imewekwa pale pale katikati, juu ya thamani yake halisi na chini ya ndoto yako. Mnadani wataifungua wao wenyewe, wana watu wanaojua pedi kuliko mimi, na kwenye katalogi wataandika kile kinachothibitika tu. Hiyo 140 ya shemeji haipo.

Sasa mzee. Ulichouliza ni kizuri na jibu lake ni fupi, karatasi haipandishi bei, inathibitisha tu gari ni nini. Zake zinathibitisha ni Malibu ya 350 ya kijani otomatiki, walitengeneza nyingi mno, kwa hiyo anauza kwa bei ya Malibu ya 350 ya kijani otomatiki, na anakuuzia anachosema anauza. Familia moja tangu dukani, injini yake, na kama rangi ni ile ile ya kiwandani hiyo nayo ina watu wake, siku hizi wakusanyaji wanalipa kwa gari ambalo halijaguswa hata kama limechakaa kidogo. Mimi ningekwenda kwa mzee. Halitakutajirisha, ila litashikilia hela yako vizuri kuliko gari la kupaka na beji za dukani, na huo mngurumo unaoutaka 350 nayo inao ukiiwekea eksozi ya maana.

Kama moyo umekwama kwenye nyekundu sikukatazi, ila fanya hivi, mwambie jamaa unataka picha ya pedi na unataka mkaguzi wa kujitegemea anayejua Chevelle ashushe na tanki, gharama utalipa wewe. Ni dola mia kadhaa. Akikubali, pedi ikawa na mistari na herufi za LS6, na juu ya tanki mkakuta karatasi, basi omba radhi kwa kumshuku na ulipe 68 siku hiyo hiyo kabla hajabadili mawazo. Akikataa au akaanza kukwambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, mwache huyo mteja wa Jumamosi. Ukiitaka kama ilivyovalishwa, mwandikiane kwenye karatasi ya mauzo kwamba ni Malibu iliyojengwa kwa mtindo wa SS, na bei ishuke kulingana na hilo, mimi nisingepita 45.

Shemeji mwambie biashara hakuna, hela ibaki Kariakoo. Hata gari likiwa zuri, ubia wa gari moja na mtu aliyeko Dar ambaye hawezi kulifungua boneti ni wa kugombanisha dada yako na wewe, maana huku kuna parking, bima, na lazima liwashwe washwe, nani atalipa nusu hiyo? Kwa mke, sijui bei za Kigamboni zikoje sasa, ila 31 ni chini ya nusu ya 68, kaa naye mwone kama kiwanja na Malibu vinaweza kuingia kwenye akiba hiyo hiyo. Ukilichukua la mzee likatie bima ya magari ya kale ile ya thamani mnayokubaliana kabisa kwenye mkataba, sio bima ya kawaida itakayokulipa kama ni Corolla chakavu.

Na tafadhali, usimruhusu fundi yeyote alipake jekundu.

Mjomba